Simu yako, kamera ya chuo au ya kukodi? Ulinganisho kwa wanafunzi wanaopiga filamu Nairobi

Mswada umekamilika, waigizaji wamekubali, mhadhiri ametaja tarehe ya kuwasilisha, na kundi lenu bado linabishana kuhusu kamera. Mmoja anasema simu yake inatosha. Mwingine ameshaandika jina kwenye foleni ya stoo ya chuo. Wa tatu ana nambari ya mtu wa mjini anayekodisha kamera nzuri kwa siku. Wote wana hoja, lakini ubishi hauishi kwa sababu kila mmoja anaangalia picha peke yake. Kamera mtakayochagua itaamua mna siku ngapi za kupiga, mnaweza kuingia wapi, mtarekodi sauti vipi, na kama kompyuta mliyo nayo itafungua mafaili mtakayorudi nayo nyumbani.

Kwa hiyo nazilinganisha njia hizi tatu tangu kupanga hadi kuhariri. Nimefikiria filamu fupi ya dakika nane hivi, kundi la watu wanane na mfuko mwepesi.

Vigezo

Vigezo ni vitano: pesa zote zitakazotoka (si za kamera tu), maandalizi, siku yenyewe ya kupiga, sauti, na uhariri. Ubora wa picha sikuutenga kuwa kigezo. Utaonekana ndani ya hivyo vingine, na kwa kazi za wanafunzi naamini mwanga na sauti huamua mengi kuliko chapa iliyoandikwa kwenye kamera.

Mambo mawili hayabadiliki, uchague njia yoyote. La kwanza ni leseni. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu inayotengenezwa ili ionyeshwe hadharani au iuzwe ipigwe kwa leseni. Sheria hiyo haijali ukubwa wa kamera, kwa hiyo kutumia simu hakukuondolei wajibu. Na kabla ya filamu kuonyeshwa kwa umma, Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, huipa daraja: GE (ya watu wote), PG (kwa mwongozo wa mzazi), 16 au 18. Muulize mhadhiri mapema chuo kinashughulikia vipi kazi za wanafunzi, kisha tembeeni na barua ya chuo yenye muhuri. Kanjo, yaani askari wa jiji, akikusimamisha Moi Avenue, barua hiyo itakusaidia kuliko maelezo marefu. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na majengo ya serikali yaliyohifadhiwa kisheria yaacheni kabisa.

La pili ni jua. Nairobi iko takriban digrii moja kusini mwa ikweta, na saa sita mchana jua huwa karibu juu ya utosi mwaka mzima. Macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi, na hakuna kamera itakayolitibu hilo. Maonyesho ya nje yapangeni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Lakini msiisubiri sana ile rangi ya dhahabu ya magharibi, kwa sababu huku jua linazama wima na rangi hiyo haikai. Mawingu ya Julai ambayo watu huyalalamikia ni zawadi kwa mpiga picha: mwanga laini, kivuli hafifu, siku nzima.

Pesa

Anzeni na gharama ambazo hazina uhusiano na kamera. Tuseme mna shilingi 15,000 na mtapiga kwa siku mbili. Chakula cha watu wanane kwa shilingi 250 kila mmoja ni 4,000 kwa siku hizo mbili. Nauli ya shilingi 200 kwa mtu kwa siku ni 3,200. Zimebaki 7,800, na hamjanunua betri wala kumlipa mwenye nyumba mtakayotumia. Kinachobaki baada ya hesabu hiyo ndicho chenu cha vifaa. Mkianza na kamera, watakaolala njaa ni waigizaji, na mwigizaji mwenye njaa huonekana kwenye picha.

Kwa simu, kamera haiwagharimu kitu, hivyo karibu pesa zote za vifaa zinaweza kwenda kwenye maikrofoni, stendi na chakula kizuri. Gharama iliyojificha ni nafasi ya kuhifadhi. Simu iliyojaa picha za harusi ya binamu yako itakwama katikati ya onyesho.

Kamera ya chuo nayo ni ya bure, au karibu bure, ila mnawajibika kwayo. Kabla ya kutia saini, someni fomu ya stoo: ikianguka nani analipa, na kiasi gani? Ulizeni pia haki ya filamu itakuwa ya nani ikitengenezwa kwa vifaa vya chuo. Swali hilo litawarudia siku tamasha litakapotaka kuionyesha.

Kamera ya kukodi inakula pesa nyingi zaidi, na bei mnayotajiwa kwenye simu mara nyingi ni ya mwili wa kamera tu. Lenzi, betri za ziada, kadi, stendi na taa huhesabiwa kando. Ulizeni siku yao ni saa 24 au ni asubuhi hadi jioni, faini ya kuchelewa ni kiasi gani, na amana inarudishwa lini. Wengi watataka kitambulisho cha taifa na mtu wa kuwadhamini. Wekeni pia bajeti ya teksi, kwa maana kuipandisha kamera ya mtu kwenye matatu saa moja usiku ni hatari msiyoihitaji.

Maandalizi

Kukodi kunawalazimisha kupanga vizuri, na kwangu hiyo ni faida kubwa yenyewe. Kila saa ina bei, kwa hiyo mtaandika orodha ya shoti, mtatembelea lokesheni mapema, mtajua soketi ziko wapi na jirani yupi huwasha muziki Jumamosi. Kwa kawaida ukurasa mmoja wa mswada ni dakika moja ya filamu. Kundi changa likimaliza kurasa tatu au nne kwa siku limefanya kazi ya kusifiwa. Filamu ya dakika nane, basi, haimaliziki vizuri kwa kamera iliyokodiwa siku moja. Mtaongeza siku au mtapunguza mswada, na mimi hushauri kupunguza mswada. Onyesho moja refu ndani ya kibanda cha mama mboga Kawangware linaweza kubeba hadithi nzima ambayo mlikuwa mmeigawa katika lokesheni tano.

Kwa kamera ya chuo, maandalizi yenu yanategemea kalenda ya watu wengine. Wiki za mwisho wa muhula kila kundi linataka kamera ileile. Wekeni nafasi mapema, na mkipewa siku ya katikati ya wiki ichukueni kwa furaha, kwa sababu foleni ya wikendi ndiyo ndefu zaidi. Kabla ya kutoka stoo, washeni kila kitu mbele ya msimamizi: rekodini dakika moja, isikilizeni, angalieni kama betri inashika chaji na kama bamba la kufungia kamera kwenye stendi lipo. Bamba hilo dogo hupotea kuliko kitu kingine chochote.

Simu inawapa uhuru wa kujaribu. Unaweza kwenda lokesheni wiki mbili kabla na kuipiga filamu nzima ukiwatumia marafiki badala ya waigizaji, uihariri ovyoovyo, uone wapi hadithi inalegea. Njia nyingine hazina nafasi hiyo. Hatari yake inatoka hapohapo: kwa kuwa simu ipo kila siku, kundi linaahirisha, na filamu ya siku mbili inakuwa ya miezi mitatu huku nywele za mhusika mkuu zikibadilika.

Siku ya kupiga

Katika mitaa ya jiji simu ina nguvu isiyo na mpinzani. Gikomba, stendi ya matatu, Luthuli Avenue jioni: ukitoa kamera kubwa na stendi, umati unakusanyika na mtu anadai chai. Ukitoa simu, maisha yanaendelea. Lakini leseni na ridhaa bado zinahitajika, na mtu anayetambulika akiwa sehemu ya hadithi yako mwombe ruhusa.

Udhaifu wa simu ni usiku na mwendo. Kihisi chake ni kidogo, kwa hiyo gizani picha inajaa chembechembe. Tumieni lenzi kuu tu na msivute picha karibu kwa vidole. Sogeeni kwa miguu. Fungeni fokasi na kiasi cha mwanga ili simu isibadilishe mawazo katikati ya maneno, kisha iwekeni katika hali ya ndegeni, maana simu ya mama ikiingia rekodi inaweza kukatika.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo huwaangusha wengi hapa kwetu. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na simu nyingi hurekodi fremu (picha moja moja) 30 kwa sekunde. Chini ya taa za ndani, hasa zile za bei nafuu, picha inaweza kupepesuka kama inapumua. Tiba ni kurekodi fremu 25 kwa sekunde na kuweka shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, kwenye 1/50 ya sekunde. Kama programu ya kamera iliyo kwenye simu yako haikubali, Blackmagic Camera ni ya bure na ipo kwa iPhone na kwa baadhi ya simu za Android. Kamera ya chuo na ya kukodi zina mpangilio huo tayari kwenye menyu, mara nyingi chini ya jina PAL. Uangalieni kabla ya shoti ya kwanza, kwa sababu kundi lililotangulia huenda liliubadilisha.

Kamera yenye lenzi za kubadilisha, iwe ya chuo au ya kukodi, inawapa kile ambacho simu huigiza tu: mandhari ya nyuma kufifia kwa njia ya asili, sura ya mtu kutoka vizuri kwa mwanga wa taa moja, na nafasi ya kudhibiti fokasi kwa mkono. Ila fokasi hiyo inahitaji mtu aliyeizoea. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu huonekana kikali, halafu kwenye ukuta wa ukumbi wa Alliance Française mnagundua kilichokuwa kikali ni sikio. Kamera ya chuo ina ubora hapa kwa sababu mmeifanyia mazoezi darasani. Ile ya kukodi mara nyingi ni mpya zaidi na ngeni kabisa kwenu. Mkiweza, mlipeni mwenye kamera aje nayo kama mpiga picha. Ni ghali kidogo, lakini mtu anayeijua kamera yake anaokoa saa nyingi.

Kamera nyingi za zamani za DSLR (zenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha), kama zile zilizojaa kwenye stoo za vyuo, hukatisha rekodi kabla ya dakika 30. Kwa filamu ya kuigiza hilo halisumbui. Kwa mahojiano ya filamu ya makala linasumbua sana.

Sauti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watazamaji husamehe picha yenye giza lakini hawakai na maneno wasiyoyasikia. Na Nairobi ni jiji la kelele. Lang'ata na Kibera ziko chini ya ndege za Wilson. Mvua ikigonga mabati hakuna mazungumzo. Friji la jirani, jenereta ya duka, honi ya matatu: vyote vitaingia.

Maikrofoni iliyojengwa ndani ya kamera, hata ya kamera ghali, haifai kwa mazungumzo, kwa sababu iko mbali na mdomo. Umbali ndio kila kitu. Kwa hiyo njia zote tatu zinahitaji suluhisho la pembeni, na la bei ndogo kabisa mnalo mfukoni: simu ya pili, programu ya kurekodi sauti ikiwa imewashwa, ndani ya mfuko wa shati la mwigizaji. Pigeni makofi mara moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kila shoti. Sauti hiyo ndiyo mtakayoitumia kuoanisha rekodi mbili wakati wa kuhariri.

Mkinunua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, tazameni plagi yake. Ya simu ina mistari mitatu ya kutenganisha, ya kamera ina miwili, na moja haifanyi kazi vizuri mahali pa nyingine bila kiunganishi. Kwa wanaotumia simu mpya isiyo na tundu la duara, tafuteni ya USB-C au isiyo na waya. Stoo ya chuo kwa kawaida ina nafuu hapa: mkibahatika, mtapata kinasa sauti na maikrofoni ya mti mrefu pamoja na kamera, jambo ambalo kwa kukodi lingeongeza bei. Nikiona kundi lina kamera ya kukodi yenye lenzi tatu na halina mtu hata mmoja aliyevaa hedifoni, najua pesa zimekwenda upande usiofaa.

Kabla ya kuondoka kila lokesheni, nyote nyamazeni na mrekodi sekunde 30 za sauti ya mahali penyewe. Mhariri ataitumia kuziba mapengo.

Uhariri

Simu hutoa mafaili madogo, yenye kuhamishika kwa urahisi, ila nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayopandashuka. Kwenye kompyuta sauti inaanza sawa na inaishia nyuma ya midomo. Yapitisheni mafaili kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure, na mchague kasi isiyobadilika. Na msitumiane picha kama video kwenye WhatsApp, kwa sababu inazibana na kuziharibu. Tumieni waya, au zitumeni kama hati.

Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inajaza takriban gigabaiti 45 kwa saa. Filamu ya dakika nane ambayo kila dakika yake imepigwa mara kumi ni dakika 80 za rekodi, yaani kama gigabaiti 60, na mnahitaji nakala mbili kwenye diski mbili tofauti kabla ya kufuta kadi. Kwa kamera ya kukodi hili ni la dharura, kwa sababu mara nyingi kadi inarudi na kamera. Teueni mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kunakili na kukagua, basi.

Kamera za kukodi zina jaribu jingine: zile picha zilizopauka, za Log, ambazo hupakwa rangi baadaye. Zinapendeza mikononi mwa anayejua. Kompyuta ya RAM ya gigabaiti 8 isiyo na kadi nzuri ya picha itasota nazo, na toleo la bure la programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve kwenye Windows halifungui kila aina ya faili la biti 10 (lenye ngazi nyingi zaidi za rangi). Rekodini dakika moja ya majaribio, mwifungue kwenye kompyuta yenu, ndipo mlipe amana. Kama inasota, tengenezeni nakala nyepesi za kuhariria, au tumieni Shotcut au Kdenlive, ambazo pia ni za bure. Wa kamera ya chuo wana faida ya maabara yenye kompyuta zenye nguvu, wakikubali kufuata saa zake za kufunga.

Muziki ni uleule kwa wote: wimbo uliopakua bila idhini utaifungia filamu milango ya matamasha na mitandao. Mtafute mwanafunzi anayepiga gitaa, na mwandikiane ruhusa.

Kulingana na hali yenu

Kama hadithi yenu iko mitaani, mchana, na watu wawili watatu wanaotembea na kuongea, simu itawafikisha mahali ambapo kamera kubwa ingewazuia. Inawafaa pia wanaotengeneza filamu ya kwanza kabisa, kwa sababu wanaweza kurudia. Jiwekeeni tu tarehe ya kumaliza kupiga na mwiheshimu.

Kama mnasoma mahali penye stoo nzuri, mna muda wa kusubiri zamu, na hadithi ni ya ndani yenye mazungumzo mengi, kamera ya chuo ina uzito wake, hasa kwa ajili ya vifaa vya sauti na maabara. Haiwafai wenye waigizaji ambao wako huru Jumapili pekee.

Kama onyesho lenu kuu ni la usiku, au mnalenga tamasha na ukumbi mkubwa, na mswada umeshabanwa ukatosha siku moja au mbili, kukodi kunalipa. Kama mswada bado unabadilika, subirini.

Mnaweza pia kuchanganya: kukodi kwa usiku mmoja wa onyesho gumu na kupiga yaliyobaki kwa simu. Inawezekana mradi kasi ya fremu iwe 25 kwenye vyote viwili, mpangilio wa rangi nyeupe (white balance) ufungwe kwa namba ileile, na picha za simu na za kamera zisikutane ndani ya onyesho moja. Pigeni kwanza la kamera, muone lilivyotoka, ndipo muamue mwanga wa maonyesho ya simu.

Na kama tarehe ya kuwasilisha iko chini ya wiki mbili na stoo imesema hapana, tumieni simu iliyo mkononi na shilingi zilizobaki zinunue maikrofoni moja.